Kikundi cha Ukoo: Mashine Mbili Zilizoibwa kwa Baba Mdogo

Baba Mdogo: Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nasikitika kuwaarifu kwamba usiku wa kuamkia leo, sisi tukiwa bado safarini, wezi waliingia katika chumba ninachohifadhi mashine zangu za kale za gemu za video, zile kubwa kama makabati, wakaondoka na mbili, Computer Space ya mwaka 1971 na Donkey Kong nyekundu. Hakuna aliyedhurika.

Shangazi: Pole sana, kaka yangu. Namshukuru Mungu hamkuwapo. Ila nieleweshe: kwa nini waache televisheni na kompyuta zilizo sebuleni, wahangaike na makabati yale ambayo hata watu wanne huyapitisha mlangoni kwa taabu?

Baba Mdogo: Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi, dada. Computer Space naielewa, kwa kuwa ndiyo gemu ya video ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kuchezwa kwa sarafu, na hata ile gemu maarufu ya Pong ilitoka mwaka mmoja baadaye. Mtu yeyote akiliona lile umbo lake la faiba lililopindapinda atajua si kitu cha kawaida. Iliyonifumbua macho ni Donkey Kong. Ninazo mbili, ya buluu na nyekundu, zimesimama bega kwa bega, na gemu iliyomo ndani ni ile ile. Lakini nyekundu ni miongoni mwa zile takriban 2,000 za mwanzo, ambazo kampuni ya Nintendo iligeuza mwaka 1981 kutoka Radar Scope, gemu iliyokuwa imewadodea Marekani. Mwizi wa kubahatisha angebeba iliyo karibu na mlango, yaani ya buluu. Huyu aliisogeza kando, akaitoa nyekundu, kisha ya buluu akairudisha ukutani, tena kwa unadhifu.

Mjomba: Pole, shemeji. Basi aliyekuja ni mtu wa fani, au ametumwa na mtu wa fani. Je, umeripoti polisi na kuwapa namba za mashine?

Baba Mdogo: Nimeripoti, shemeji, lakini namba niliyonayo ni ya kibati cha nyuma tu, nacho hung'olewa kwa bisibisi. Naona haya kukiri kwamba kwa miaka yote nimeandika tarehe ya kila kapasita, kile kipuri kidogo cha umeme, niliyobadilisha, ila namba za bodi za saketi zilizo ndani sikuziandika hata siku moja.

Mimi: Shikamoo, Baba Mdogo, na pole. Naomba tusitafute mashine nzima peke yake, kwa sababu mwizi mjanja huifungua, akauza bodi huku, skrini kule, na bango la juu kwa mtu mwingine kabisa. Skrini zile za tyubu viwanda viliacha kuzitengeneza, kwa hiyo hata iliyong'olewa haikosi mnunuzi. Nashauri leo hii uwaandikie wakusanyaji wenzako na hasa mafundi, maana yeyote atakayenunua vipuri hivyo ataishia kwa fundi.

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Nimeanza kuwaandikia.

Kitindamimba: Shikamooni nyote. Baba Mdogo, nina jambo la kukiri. Ile video niliyopiga nilipokuja kukutembelea sikuiweka humu tu, niliiweka pia kwenye ukurasa wangu ulio wazi kwa kila mtu. Inaanzia getini, inapita ule mlango wa nyuma, na wewe unasikika ukieleza tofauti ya nyekundu na buluu. Juzi nikaandika chini yake kwamba mmesafiri. Naomba radhi.

Shangazi: Mwanangu! Yaani umewachorea ramani, ukawapa na ratiba?

Baba Mdogo: Asilaumiwe peke yake, dada. Miezi mitatu iliyopita alikuja mtu aliyedai anataka kununua, akapima upana wa ule mlango kwa futi kamba, nami nikamshikia ncha ya pili. Nikamwona ni mtu makini! Maelezo yake nimeyafikisha polisi. Kijana, ifunge video hiyo kwa umma, lakini usiifute, kwa sababu inaonyesha mashine zote mbili kwa karibu.

Kitindamimba: Nimeifunga sasa hivi, Baba Mdogo.

Mjomba: Video itasaidia, ila mwizi anaweza kudai kuwa yake inafanana tu na yako. Inahitajika alama isiyopatikana kwenye mashine nyingine yoyote.

Shangazi: Subirini, nimefungua albamu. Ninayo picha ya Kitindamimba akiwa na miaka sita, amepanda kwenye kigoda mbele ya hiyo nyekundu, na ubavuni mwa mashine kuna herufi mbili za jina lake alizozichonga kwa msumari. Kaka, bila shaka unakumbuka ulivyofoka siku hiyo.

Baba Mdogo: Nakumbuka sana. Nilipaka rangi juu yake, lakini ukimulika tochi kwa pembeni herufi bado zinasomeka. Dada, nitumie picha hiyo sasa hivi, niko njiani kurudi kituoni.