Mashujaa wawili nguvu zilezile, na adui wa Kimondo kaharibiwa bure

Wakuu, nimechukia na lazima niseme. Kuna kitabu kipya cha katuni kinazunguka hapa Mbeya, Mwanjelwa kipo. Jina sitaji, waliokisoma wameshakijua. Shujaa mmoja katoka Tukuyu, mwingine Iringa, wanaungana kupambana na adui aliyezaliwa ndani ya Kimondo cha Mbozi. Nilivyoona jalada nikatoa hela bila kuuliza punguzo, maana sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumechoka kuchorewa Dar es Salaam.

Kumbe mashujaa wenyewe ni mtu mmoja aliyebadilishiwa shati! Wote wanarusha radi, wote wanapaa, wote wanafoka. Ukifunika rangi za nguo hujui nani anaongea. Hata salamu za kwao hawana: wa Iringa hatamki "kamwene", wa Tukuyu hana "ugonile". Tukuyu mvua hainyamazi, radi ni ya kwao, sawa. Iringa kuna kiangazi kirefu na mawe kila upande, jiwe la Gangilonga liko palepale juu ya mji. Radi ya nini kwa mtu wa Iringa?

Na asije mtu kuniambia mashujaa wote wanafanana. Superman alitoka 1938, Captain Marvel (huyu anayeitwa Shazam siku hizi) akafuata 1940, wakafanana hadi wenye Superman wakaenda mahakamani, na mwaka 1953 kampuni yake, Fawcett, wakaacha kumchapisha Captain Marvel. Miaka ya 1970 DC, walewale walioshtaki, wakamchukua wenyewe. Lakini ukiwaweka pamoja kuna hadithi: Clark Kent, yaani Superman, ni mtu mzima aliyelelewa shambani Kansas, Billy Batson, yaani Captain Marvel, ni mtoto yatima anayetamka neno moja akawa jitu. Uchawi unamuumiza Superman, na nguvu za mwenzake zote ni za uchawi. Hapo akija adui mpya, hawawezi kumwogopa kwa namna moja.

Huyu adui wetu sasa. Kimondo kina zaidi ya tani 10, karibu chote chuma, na pale kilipo hakuna shimo la kuangukia lililowahi kuonekana. Fumbo lote hilo umepewa bure! Mchoraji kachora shimo refu kama ghorofa, jitu likatoka, likacheka, likasema litatawala dunia, kurasa mbili limelala chini. Limekaa ardhini miaka yote hiyo linataka nini? Hakuna. Tena ni la chuma, linapigwa na umeme, na hakuna aliyejiuliza kama huo umeme ungeliongezea nguvu. Hapo ndipo wa Tukuyu angekwama na kumhitaji mwenzake kweli.

Kinachoniuma, mkono wa kuchora anao. Ule ukurasa wa ukungu wa milima ya Uporoto nimeuangalia mara nyingi. Mkuu, kama unapita humu: toleo la pili mnyang'anye wa Iringa hiyo radi, na huyo adui mrudishe akiwa na sababu.