Kumbe "fine" si "mzima" tu? Nimeumbuka kwa msasa

Swali
Wakuu, habari zenu. Miaka yote nilijua "fine" ni mzima, sijambo, basi. Juzi nikatafsiri maelekezo ya kusugua meza kabla ya kupiga vanishi. Palipoandikwa "fine sandpaper" nikaweka "msasa mzima". Fundi akaniuliza: mzima kivipi, nisiukate? Nisaidieni.

Kalamu Butu
Pole, ila umenichekesha. Hapo "fine" inataja chembe: msasa laini, tuseme namba 220, si ule wa 60 unaokwangua. (Namba ikipanda, chembe zinazidi kuwa ndogo.) Mchanga ukiwa "fine" una punje ndogondogo, uzi ukiwa "fine" ni mwembamba. Na "fine print" ni yale maandishi madogo ya mkataba tunayoyaruka, halafu yanatutokea puani. Kwa hiyo usitafute neno moja la Kiswahili. Tazama kwanza nomino inayofuata. "A fine singer" ni mwimbaji hodari, hata awe na kilo 120.

Hali ya hewa ni rahisi: "fine" ni kweupe, hakuna mvua.

Mimi iliyonitesa ni "I'm fine". Nilimwambia mgeni nimletee kiti, akajibu "I'm fine". Nikadhani ananisalimia upya! Nami nikamjibu sijambo, nikaenda kuleta kiti. Kumbe alimaanisha hapana, asante, hapa panatosha.

Mpita Njia
Ongeza ile ya hasira. "Fine!" ikikatwa ghafla, mtu kageuza uso, maana yake ni "haya, fanya utakavyo". Ukiitafsiri "nzuri" umekwisha.

Bibi Kamusi
Na faini tunayolipa je? Ile ni nomino, lakini shina ni lilelile: "finis" ya Kilatini, yaani mwisho. Faini ni malipo ya kumaliza shauri. Kitu "fine" ni kilichofikishwa kwenye kilele cha ubora. Wembamba na ulaini vimetokana na huko huko: kazi iliyosuguliwa mpaka ikaisha.

Muulizaji
Asanteni sana. Nimesahihisha: "msasa laini". Nimemtumia fundi, kanijibu neno moja tu: "Fine." Sasa sijui karidhika au kanichoka.