Wauza majiko ya kukunja Nairobi, acheni kutuuzia gesi ya butani ya kupandia Mlima Kenya!

Wadau, hili limenifika shingoni. Ukiingia maduka ya vifaa vya kambi hapa mjini useme unapanda Mlima Kenya, unapewa jiko dogo la kukunja la miguu mitatu, kikopo kirefu cha gesi chenye umbo la kopo la dawa ya mbu, na adapta ya kuviunganisha. Ukiuliza ni gesi gani, unajibiwa, "Gesi ni gesi." Huo ni uongo!

Vikopo hivyo virefu vingi ni butani tupu, na butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi 0. Kwenye vilima vya Ngong au mlima Longonot itakuchemshia chai bila shida. Lakini Shipton's Camp, kambi ya wapandaji Mlima Kenya, iko mita 4,200, na usiku maji huganda chupani. Watu wanaamka saa nane usiku wajiandae kwenda kilele cha Lenana, wanafungua valvu, moto unachungulia kidogo halafu unazima. Ukitikisa kikopo unasikia gesi ikichezacheza ndani: ipo, ila haitoki. Kule dai mchanganyiko wa isobutani, inayochemka nyuzi -12, na propani, inayochemka -42. Kikopo kisichoandikwa kilichomo, kiache hapo hapo dukani.

Adapta nazo nyingine zinauzwa bila ile pete ya mpira, au pete imeshapasuka. Kabla hujalipa, unganisha kila kitu jiko likiwa limefungwa, kaza kwa mkono tu, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Vipovu vikivimba, usinunue. Na hakuna muuzaji anayekueleza kwamba kikopo kirefu kikilazwa, ule mkato ulio kwenye shingo yake lazima uangalie juu. Ukiangalia chini, gesi inatoka ikiwa majimaji na moto unaruka hadi usoni.

Kinachonikasirisha kuliko vyote ni wanaojaza upya vikopo vya butani kutoka mtungi wa kilo 6 wa jikoni. Gesi ya nyumbani ina propani, na kwenye nyuzi 20 mgandamizo wa propani ni karibu mara nne ya ule wa butani. Bati lile jembamba halikutengenezewa hilo. Tuliona mlipuko wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, Februari 2024, na bado mtu anafanya hivi kichochoroni na kumuuzia mwanafunzi! Kagua mdomo wa kikopo: mikwaruzo ni dalili ya kujazwa upya. Kipime pia. Kikopo kifupi cha kuzungusha, chenye gramu 230 za gesi, kikiwa kipya hukaribia gramu 380 pamoja na bati lake.

Wenye maduka mnaosoma hapa, andikeni mchanganyiko kando ya bei. Na anayejua duka linalouza isobutani yenye maandishi kamili aweke jina na bei hapa chini, maana Januari watu wanapanda.