Taya linagonga "ta!" nikipiga mwayo, inaweza kuwa meno?

Zabibu_Chachu: Wakuu habari za jioni, nipo Nkuhungu hapa Dodoma. Yaani huu mwezi wa nne kila nikipiga mwayo au nikiuma hindi la kuchoma, taya la kulia linagonga ta! karibu na sikio, mpaka aliyekaa pembeni anasikia. Mwanzo nikajua ni sikio, nikapewa dawa ya matone famasi, nimeweka wiki nzima hola, baadae daktari akachungulia akasema sikio safi kabisa. Sasa mimi meno ya chini yamepishana tangu utoto, na mwaka juzi niling'oa gego la chini kushoto sikuweka la bandia, tangu hapo natafuna kulia tu. Asubuhi naamka mashavu yamechoka kama nilikuwa kibaruani. Meno kukaa vibaya yanaweza kuharibu taya au nahangaika bure?

mgogo_asili: Mbukwenyi! Pole mkuu, punguza mifupa ya nyama choma 😂 tusubiri wataalamu

tabibu_kinywa: Weka kidole mbele ya sikio afu fungua na kufunga mdomo, hapo panapotembea ndo kiungo chenyewe. Ndani kuna kisahani cha gegedu kati ya taya na fuvu, kikihama njia yake kidogo kisha kikarudi ndo hiyo ta! yako. Meno yasipokutana sawa taya linajisogeza pembeni kutafuta pa kuuma, na misuli inachoka. Na hilo pengo usilidharau, meno jirani yanalalia pengoni na la juu linashuka taratibu maana halina mwenzake. Ila nisikudanganye, kupishana peke yake mara nyingi hakutoshi, kuna watu kibao meno yao yamepangana kama kuni na taya haliwasumbui hata siku moja. Hayo mashavu ya asubuhi yananipa wasiwasi zaidi, muulize unayelala naye kama unasaga meno. Stresi nayo inachangia sana.

Zabibu_Chachu: Duh dokta umejuaje, waifu kila siku anasema nasaga kama mashine ya unga, nikadhani ananitania. Kwahiyo nifunge waya?

dada_makole: Mie nilivaa waya karibu miaka 2, meno yakanyooka vizuri tu na taya mpaka leo linagonga lol. Haliumi lakini, nikaambiwa kama haliumi na mdomo unafunguka niliache.

tabibu_kinywa: Umeambiwa vizuri dada. Mkuu usikimbilie waya, na mtu asikuchonge meno ati taya lipone, jino likichongwa limechongwa. Anza na kitambaa cha maji ya moto dakika 15 jioni, ukipiga mwayo shika kidevu kwa chini, miwa na karanga pumzika kwanza, kula ugali laini na mlenda. Kliniki ya meno wanaweza kukupima wakutengenezee plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku, pengo nalo mlijadili hukohuko. Halafu jaribu kuingiza vidole vitatu mdomoni vikiwa vimepangana wima, visipoingia au siku taya likigoma kabisa kufunguka usililazimishe, nenda hospitali.

Zabibu_Chachu: Vimeingia vitatu ila cha tatu kwa tabu. Kesho naenda. Na mahindi ya kuchoma je, msimu ndo huu jamani

tabibu_kinywa: Pukuchua upike makande, yaive mpaka yalegee.