Chipsi au viazi vya kupika namna nyingine: nyumbani kwenu kipi kinashinda?

Mpenda_Viazi (Sinza)
Wakuu, habari za jioni. Kwangu viazi havikosekani, nanunua kwa ndoo, na kila vikiingia jikoni watoto wanataka chipsi. Mama yao anawaunga mkono. Mimi nimebaki upande wa viazi vya kuchemsha, na nina hoja. Kiazi kizuri cha Njombe ukikichemsha na ganda lake, chumvi ukaitia kwenye maji tangu mwanzo, kikiiva ganda linapasuka lenyewe na ndani unaona unga mweupe. Unakimenya kingali moto, unakula na maharage ya nazi au chai ya rangi tu. Ladha unayoipata ni ya kiazi chenyewe. Kwenye chipsi nasikia mafuta, chumvi na tomato. Nyie mnapenda kipi, na kwa nini? Na kama kuna upishi ambao huku Dar hatuujui, uwekeni hapa.

Fundi_Karai (Mbagala)
Mkuu, chipsi ndiyo riziki yangu, kwa hiyo nitazisemea. Ukiona zimejaa mafuta ujue zimekosewa kukaangwa. Mara nyingi mafuta hayajapata moto wa kutosha, au mtu kamwaga viazi vingi kwa mkupuo na mafuta yakapoa. Yale mapovu unayoyaona kwenye karai ni maji ya kiazi yanatoka kwa mvuke. Mafuta yakiwa ya moto mvuke unatoka kwa nguvu na mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Yakipoa, kiazi kinayanywa.

Kazi inaanza asubuhi. Nikishakata naosha mpaka maji yawe safi, wanga wa juu utoke, la sivyo zinashikana na kuungua nje kabla ndani hakujaiva. Nazichuja, nazikausha, nakaanga mara ya kwanza ziive bila kubadilika rangi, kisha zinakaa kwenye kabati la vioo. Mteja akija nazirudisha kwenye mafuta makali kwa muda mfupi. Hapo zinapata ukoko nje na ndani zinabaki laini. Ukizila pale pale na kachumbari na pilipili ya ndimu, hazina mpinzani.

Jambo moja nalikubali: chipsi hazivumilii safari. Ukifungiwa kwenye mfuko, ukifika nyumbani mvuke umeshazilainisha. Watu wengi wanazihukumu kwa hizo za mfuko, na si haki.

Zege_Daima
Chipsi mayai. Mayai mawili, kitunguu na hoho vikatwe vidogo, kikaango kiwe na moto wa wastani, geuza bila kuvunja. Hata zile zilizolainika kwenye mfuko zinakuwa chakula kamili.

Bi_Mvita (Mombasa)
Hamjambo nyote. Mbona mwazungumza kana kwamba njia ni mbili tu, kuchemsha na chipsi? Huku kwetu kuna viazi karai, navyo vimechukua uzuri wa pande zote. Viazi vidogo huchemshwa viive lakini visirojeke, vikamenywa na kukatwa nusu. Kando unakoroga unga wa ngano na bizari ya manjano, pilipili, chumvi na maji ya ndimu, upate rojo nzito ya kushika. Wengine huongeza unga wa dengu. Wachovya kimoja kimoja, watia kwenye mafuta ya moto. Nje panakuwa pakavu na pana rangi ya dhahabu, ndani kiazi ni kile kile cha kuchemsha anachokipenda ndugu yetu wa Sinza. Usivile bila ukwaju. Ukwaju mzito, wenye pilipili na chumvi kidogo, ndio unaoamsha ladha yote. Jioni barazani, sahani ya viazi karai haikai.

Na asiyetaka kukaanga apike viazi vya rojo: viazi vya kuchemsha ndani ya mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa ndimu au embe mbichi.

Mkulima_Uyole (Mbeya)
Nawasoma wote, ila hakuna aliyetaja kiazi gani anapika, na hapo ndipo penye jibu. Kuna kiazi kikavu chenye unga mwingi, na kuna kiazi chenye maji. Viwanda vya chipsi hutaka kiazi ambacho kikitolewa maji yote, kinachobaki kifike kama asilimia 20 ya uzito. Chini ya hapo chipsi zinalegea na zinanywa mafuta. Kile chenye maji kiacheni kiende kwenye mchuzi, maana hakivunjiki.

Kama sokoni hujui umepewa kipi, changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi. Kikizama ni cha unga, kaanga au ponda. Kikielea, kipike na nyama chukuchuku.

Mengine mawili ya muhimu. Msiweke viazi kwenye friji, kwa sababu baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zake zinakuwa nyeusi na chungu kabla hazijaiva. Na kiazi kilichopigwa jua kikawa kijani kina sumu ya solanini. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kama kijani kimeenea, tupa.

Niseme na hili, maana linaniuma: kiazi kinachowafikia huko mjini kimetoka shambani kwenye gunia la lumbesa, mkulima kalipwa gunia moja huku limebeba moja na nusu. Mkikisifia, mkumbukeni na aliyekilima.

Mama_Kinangop (Nyandarua)
Mkulima, huku pia lumbesa tunaijua, na sheria ya gunia la kilo 50 tunayo, utekelezaji ndio shida.

Kwetu viazi vingi ni Shangi. Inakomaa kwa miezi kama mitatu na inaiva upesi, kuni au gesi hazitumiki sana, lakini ukiiweka inaota haraka, kwa hiyo lazima iliwe. Mimi kura yangu ni mukimo. Mahindi huchemshwa kwanza peke yake kwa sababu ni magumu, halafu viazi vinawekwa juu na majani ya malenge yaliyooshwa vizuri. Vikiiva unamwaga maji yaliyozidi, unaponda kwa mwiko mpaka rangi ya kijani ienee kote. Kitunguu kilichokaangwa kinaingia mwisho. Watu wakija kwa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ukiwapa chipsi watashangaa.

Na mnakumbuka Januari 2022, KFC hapa Kenya waliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vikitoka nje na meli zikachelewa? Wakulima wetu walikasirika sana, na nilikuwa upande wao. Nchi inayolima viazi vingi hivi haipaswi kungoja meli.

Mtoto_wa_Ngambo (Unguja)
Sisi mbatata tunazila kila namna: kwenye mchuzi, ndani ya biriani, katlesi za nyama, kachori zilizotiwa ndimu na pilipili, na vipande ndani ya urojo. Chipsi zipo pia, lakini kwangu hazifikii kachori ya moto.

Dada_Lishe (Dodoma)
Naongeza la afya kwa ufupi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Chipsi za uzito huo huo hufika 300 hivi, na tofauti karibu yote ni mafuta na maji yaliyopotea. Kuchemsha na ganda hupunguza upotevu wa vitamini C. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hutengeneza kemikali ya akrilamaidi, inayoshukiwa kuleta saratani. Kwenye kuchemsha haitokei. Kwa hiyo chipsi ziopolewe zikiwa za dhahabu, zisifike kahawia. Mafuta yaliyogeuka meusi yasirudiwe. Sisemi watoto wanyimwe, nasema zisiwe chakula cha kila siku.

Mpenda_Viazi (Sinza)
Asanteni sana. Jumamosi hapa ni viazi karai, watoto wapate cha kukaanga na mimi nipate kiazi changu. Bi Mvita, nakuomba unifafanulie kitu: unga usibanduke kwenye mafuta nifanyeje?

Bi_Mvita (Mombasa)
Mwanangu, viache vipoe kabisa na vikauke juu baada ya kuvimenya, kiazi chenye majimaji hakishiki unga. Rojo ikiwa nyepesi ongeza unga kidogo kidogo, ijaribu kwa kidole: ikibaki kidoleni haichuruziki, iko tayari. Na ukishatia kwenye karai usiviguse mpaka upande wa chini ukauke.