Nimebadili GPU (kadi ya picha ya kompyuta), nikianza kurenda video ya harusi skrini inajaa viboksi vya kijani kisha giza

mtoto_wa_Ligula:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu maana nimekwama na kazi za watu ziko mezani. Mi nipo Mtwara mjini, Ligula, nina kistudio changu cha picha na video, harusi, mahafali, watoto wakitoka jando, na saa hizi hela ya korosho imeshaingia mikononi mwa watu basi kila wikiendi shughuli, miezi hii ndo inalisha familia yangu mwaka mzima.

Mashine yangu ni desktopu ya mtumba, zile zinazotolewa maofisini, Core i7 3770, RAM 16, Windows 10. Ilikuwa na kadi ya GT 730 ikawa inanichosha, video ya saa moja nairenda, yaani kuitoa ikiwa imekamilika baada ya kuihariri, usiku kucha. Wiki iliyopita nikapata GTX 1660 Super ya GB 6, imetumika, nikatumiwa na basi kutoka Dar. Nimeifunga mwenyewe. Sasa hii kadi inataka waya wa umeme wa pini 8 na pawa saplai yangu haina huo waya, fundi mmoja wa hapa akaniuzia adapta, upande mmoja unachomeka kwenye waya wa SATA ule unaopeleka umeme kwenye hadi disk, upande wa pili unakupa pini 8.

Ikawaka vizuri kabisa. Nimeingia YouTube, nimepanga picha, siku nzima hakuna shida. Nikibonyeza kurenda tu, dakika ya tatu ya nne hivi, skrini inajaa viboksi vidogo vya kijani na pinki kama mkeka wa ukindu wa rangi, af giza, monita inasema haipati kitu, feni za kadi zinapiga kwa nguvu zote mpaka meza inatetemeka, lakini sauti ya video inaendelea, nasikia vigelegele kule nyuma ila picha sioni. Nazima kwa kukandamiza kitufe, nikiwasha inarudi kama hakuna kilichotokea.

Nimepiga Windows upya mara mbili, draiva nimeweka mara tatu, bando lote limeishia humo. Jumamosi ya wiki ijayo natakiwa nikabidhi harusi ya watu wa Tandahimba na wameshanilipa nusu. Je nimeuziwa kadi mbovu?

Bwana_Shangani:
Monita umechomeka kwenye kadi au kule kwenye mazabodi? Wengi wanakosea hapo

mtoto_wa_Ligula:
Kwenye kadi mkuu, HDMI

Dada_wa_Nachi:
Pole sana kaka. Mi nilipohama kutoka AMD kwenda NVIDIA nilisumbuka siku nne na viboksi kama hivyo, kilichonisaidia ni kufuta draiva ya zamani mpaka mizizi kwa programu inaitwa DDU, unaingia sefu modi, unafuta, unarestati, ndo unaweka mpya. Ila fanya hivi, draiva ya NVIDIA idaunlodi kwanza uiweke pembeni, ni zaidi ya MB 600, af kata intaneti kabisa kabla ya kufuta, maana ukiacha intaneti wazi Windows inajitafutia draiva yake yenyewe inakuwekea huku wewe bado hujamaliza kusafisha, unarudi pale pale na bando limeliwa.

kijana_wa_Masasi:
Mi naona hiyo kadi ilikuwa ya mgodi, yaani ya kuchimbia sarafu za mtandaoni. Mnajua Septemba 2022 Ethereum, moja ya sarafu hizo, walibadili mfumo, hawahitaji tena kadi za kuchimbia, basi watu waliokuwa nazo kwa mamia wakazimwaga sokoni na hizi 1660 Super zilikuwa zinapendwa sana kwa kazi hiyo. Kadi imefanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, memori imechoka, ndo hivyo viboksi unavyoona. Dai hela yako mapema.

Fundi_Mikindani:
Wadogo zangu tusimkatishe tamaa mwenzetu kabla hatujapima. Soma tena alichoandika. Draiva ya zamani haipo, kapiga Windows upya mara mbili, hiyo njia tuifunge, japo alichosema dada wa Nachingwea ni cha kweli kwa mtu ambaye hajafomati. Na kadi yenye memori iliyokufa mara nyingi haisubiri urende, viboksi unaviona tangu unawasha, pale kwenye maandishi ya mwanzo kabla Windows haijaamka. Yeye anakaa YouTube siku nzima hapati hata doti moja.

Halafu sikilizeni hii ya feni kupiga kwa nguvu zote huku sauti inaendelea. Ikiwa ni draiva tu imekwama, Windows inaisubiri sekunde 2, ikiona haijibu inaiamsha upya, skrini inafumba na kufumbua unarudi kwenye desktopu. Hii haikurudi. Prosesa iko hai, inapiga muziki, kadi ndo imejitoa yenyewe. Kadi ikijitoa kazi inapokuwa nzito, cha kwanza mi naangalia umeme.

Twende na hesabu. GTX 1660 Super inakula wati 125 ikiwa kazini. Soketi ya mazabodi inaweza kuipa mpaka 75 lakini kadi nyingi hazichukui zote hizo huko, mzigo mkubwa zinauvuta kwenye waya wa pini 8, na waya halisi wa pini 8 umetengenezwa kubeba wati 150. Sasa wewe hiyo pini 8 umeitoa kwenye SATA. Plagi ya SATA kwenye volti 12 ina pini tatu nyembamba, kila moja ampia moja na nusu, jumla ampia 4.5, zidisha kwa 12 unapata wati 54. Yaani mlango wa pini 8 umewekwa mbele lakini bomba la nyuma ni la wati 54. Ukiangalia YouTube kadi inakunywa kidogo tu, haioni tofauti. Ukirenda inavuta kwa nguvu, tena ina vishindo vya nukta ya sekunde vinavyopita ile 125, volti inaporomoka, memori inaanza kukosea, ndo mkeka wako wa rangi huo, af inajizima.

Na pawa saplai yenyewe imeandikwa wati ngapi?

Mdogo wangu kabla ya kingine chochote zima hiyo mashine, chomoa ukutani, ivute hiyo adapta uiangalie vizuri na uinuse. Ningekuambia tupunguze kikomo cha umeme wa kadi kwenye Afterburner, ile programu ya kurekebisha kadi, mpaka asilimia 70 tuone kama inatulia, ni kipimo kizuri sana cha kujua kama shida ni umeme, lakini kwa adapta hiyo sitaki uiwashe tena hata kwa dakika moja. Hizi zinawaka moto, sio maneno ya kutishana.

mtoto_wa_Ligula:
Shikamoo fundi. Nimeifungua sasa hivi na mikono inanitetemeka. Plagi ya SATA ilikuwa nyeupe, upande mmoja imekuwa kahawia kama chapati iliyoungua, nimevuta haitoki mpaka nimetikisa, plastiki imelegea imeshikana na pini. Waya wa njano ganda lake limejikunja shaba inaonekana kama nusu sentimita. Na inanuka, ile harufu nilikuwa naisikia tangu juzi nikajua ni vumbi la feni. Pawa saplai imeandikwa wati 275.

Studio ina nguo za maharusi za kukodisha zimening'inia ukuta wa pili, na mtoto wangu huwa analala mle mchana. Asante sana.

Fundi_Mikindani:
Marahaba. Mshukuru Mungu ulikuwa umekaa hapo hapo unairenda, ungeiacha usiku ukaenda kulala tungekuwa tunaongea mengine.

275 haitoshi hata kwa waya sahihi. Prosesa yako peke yake ni wati 77, weka kadi 125, hiyo 202, bado mazabodi, disk, RAM, feni, hapo umefika ukingoni hujaweka vile vishindo. NVIDIA wenyewe kwa hii kadi wanataka pawa saplai ya 450 kwenda juu. Tafuta 500 au 550 ya kampuni inayoeleweka yenye alama ya 80 Plus, ile ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi, na iwe na waya wake wa pini 8 uliotoka humo humo ndani. Usichukue zile nyepesi zinazoandikwa 600 ukiinua mkononi kama boksi la biskuti.

Ila hizi mashine za maofisini zina ujanja wao, kuna zinazotumia waya wa kawaida wa pini 24 kwenye mazabodi na kuna zingine zina kidude cha pini 8 au 6 tu, hizo ukinunua pawa saplai ya dukani haiingii mpaka upate waya wa kubadilishia. Hesabu pini zako kwanza kabla hujatoa hela. Pima na urefu wa boksi lenyewe la chuma.

Kesho ukiweza panda boda uje na kadi hapa Mikindani tuipime kwenye mashine yangu, usilipe kitu.

mtoto_wa_Ligula:
Nimehesabu, ni 24. Nakuja asubuhi inshallah.

Mama_Lindi_Mtanda:
Nyongeza kidogo wanangu, umeme. Sisi huku Lindi jioni watu wakirudi nyumbani volti inalegea, mashine inayokaa ukingoni ndo inadondoka saa hizo. Nina UPS ya VA 650 na nilidhani ni wati 650, siyo, zinakuwa kama 390 au chini ya hapo. Ukifunga pawa saplai kubwa na kadi mpya iangalie na UPS yako maana itapiga kelele katikati ya kurenda.

mtoto_wa_Ligula:
Asante mama, yangu nayo ni 650. Nitatoa monita na printa kwenye UPS nibakize mashine peke yake.

mtoto_wa_Ligula:
Wakuu narudisha majibu. Nimefika kwa fundi saa tatu asubuhi. Kabla hajaifunga kadi akaigeuza akanionyesha ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye soketi, kuna madoa ya kijani kibichi kwa mbali, anasema sisi tunaokaa karibu na bahari chumvi inatembea na hewa, akachukua raba ya shule akasugua taratibu, akapitisha pamba yenye spiriti, pamba ikatoka nyeusi. Akaniambia na nyumbani nifanye hivyo kila baada ya miezi michache, na mashine isikae chini ya dirisha linalotazama baharini.

Akaifunga kwenye mashine yake, akaibebesha mzigo saa nzima, joto likasimama nyuzi 71, hakuna boksi hata moja. Akapima memori yote GB 6, safi. Kwa hiyo kijana wa Masasi labda kweli ilikuwa ya mgodi lakini ni nzima, na aliyeniuzia sina ugomvi naye.

Nikaagiza pawa saplai ya wati 550 Kariakoo, laki na sitini, ikafika na basi la usiku. Nimeifunga jana, waya wa pini 8 ni wake mwenyewe. Usiku nimerenda ile harusi ya Tandahimba, saa moja na dakika kumi na mbili za video, imemaliza kwa dakika 34, nimekaa pembeni yake muda wote naigusa waya kwa kidole, baridi. Watu wamekuja kuchukua leo.

Adapta ninayo bado hapa kwenye droo, ina maana yoyote kuitunza?

Fundi_Mikindani:
Hongera sana mdogo wangu. Hapana usiitunze. Chukua mkasi ikate waya zote katikati ndo uitupe, ukiiacha nzima kwenye droo siku moja kijana wako wa kazi ataikuta wewe haupo, ataiona inaingia, ataichomeka. Na yule fundi aliyekuuzia nenda kamwonyeshe hiyo plagi ilivyoungua kabla hujaikata, kwa upole tu, najua anauzia na wengine.