Msichana wangu hutabasamu nikimkaripia. Ni dharau?

MamaMitumba, Busia
Jamani, nishaurini. Nauza mitumba hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nina msichana anayenisaidia kibandani, mpole, hela haigusi. Ila nikimgombeza, anatabasamu! Juzi katoa blauzi ya 15,000 kwa 5,000. Nikapaza sauti, yeye meno nje. Jirani yangu anasema huo ni ujeuri, nimfukuze. Moyo wangu unasita.

Mwongoza Wageni, Kibale
Mama, usimfukuze. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni msituni kuwaona sokwe, tunaanzia Kanyanchu. Dume mkubwa akisogea, sokwe wa cheo cha chini huweza kuvuta midomo nyuma, meno ya juu na ya chini yote nje, kimya kabisa. Wageni hufurahi: "Anacheka!" Hacheki huyo. Anamwambia mkubwa, yaishe, sina ugomvi nawe. Sokwe wakicheza uso huwa mwingine: mdomo wazi, umelegea, meno ya juu mara nyingi yamefunikwa. Mtaalamu Mholanzi, Jan van Hooff, alitoa hoja mwaka 1972 kwamba tabasamu letu lina undugu na ule uso wa kwanza, na kicheko na huu wa pili. Kwa hiyo binti anaweza kuwa anakuomba radhi kwa meno kabla hajapata maneno. Na wewe ndiye unayemlisha, lazima akuogope kidogo.

Kijana wa Jinja
Lakini kuna tabasamu la dharau, tusidanganyane. Bosi wangu wa zamani alikuwa nalo.

Mwongoza Wageni, Kibale
Lipo, ndugu yangu. Wanaochunguza mambo haya hulitenga na la furaha na la kutafuta urafiki. Mara nyingi huvuta upande mmoja wa mdomo, kichwa kikainuka, macho yakakushusha. Mama, binti hukutazama hivyo?

MamaMitumba, Busia
Hapana. Nimemwangalia leo kwa makini. Mabega yamepanda, macho chini, anakunja upya nguo iliyokwisha kukunjwa. Mteja wa kike alipomtania baadaye, akatabasamu mpaka macho yakafinyika. Hata mashavu yalikuwa mengine! Asante, mwanangu. Jirani nitamjibu mwenyewe. Kesho tunaandika bei kwenye vikaratasi, kila rundo na chake, na nikiwa na la kumwambia nitamwita pembeni, si mbele ya wateja.